Joseph Whitworth: Fundi aliyezifanya bolti na nati zielewane

Na Mwandishi Wetu

FUNDI wa trekta aliyeko Mkula, wilayani Busega mkoani Simiyu, akivunjikiwa na bolti katikati ya msimu wa kulima pamba, humtuma kijana wake dukani akalete bolti ya milimita 12. Bolti hiyo huenda ilitengenezwa China, nati iliyobaki kwenye trekta ikawa imetoka India, na spana anayoitumia fundi ikawa ni ya Ujerumani. Hata hivyo vitu hivyo vitatu, ambavyo havijapata kukutana, huingiana bila ugomvi na kazi ikaendelea.

Watu wengi huliona jambo hilo kuwa la kawaida mno kiasi cha kutolifikiria. Lakini miaka 200 iliyopita lisingewezekana, si Mkula wala London. Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengine ili liwezekane ni Mwingereza aitwaye Joseph Whitworth, mtoto wa mwalimu, aliyefariki dunia mwaka 1887 akiwa tajiri na mwenye cheo, lakini ambaye hadi mwisho alijihesabu kuwa fundi wa vyuma.

Alitoroka pamba, akafuata chuma

Whitworth alizaliwa Desemba 21, mwaka 1803, katika mji wa Stockport, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Charles, alikuwa mwalimu wa shule na baadaye mchungaji. Mama yake alifariki dunia Joseph akiwa bado mtoto, na malezi yake yakapitia mikononi mwa watu wengine.

Alipofikisha umri wa miaka 14 alipelekwa kwa mjomba wake, aliyekuwa na kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba huko Derbyshire. Jamaa zake walikusudia ajifunze biashara hiyo ili siku moja awe mshirika wa mjomba. Kwa kijana wa zama zile hiyo ilikuwa bahati njema, kwani pamba ndiyo iliyokuwa ikiitajirisha nchi.

Kijana hakuvutiwa na pamba. Alivutiwa na mashine zilizoisokota, na alisikitishwa kuona jinsi zilivyoundwa ovyo ovyo. Baada ya miaka kama minne aliondoka bila kuaga, akaenda Manchester, akaomba kazi ya ufundi katika karakana za mashine. Mwaka 1825 alimuoa Fanny Ankers, na muda mfupi baadaye wote wawili walihamia London.

Huko alipata bahati ya kufanya kazi chini ya Henry Maudslay, aliyekuwa fundi mashuhuri kuliko wote katika jiji hilo. Maudslay ndiye aliyeiboresha mashine ya kukereza vyuma hadi ikaweza kukata hesi ya skrubu kwa usahihi, yaani ile mikunjo inayoizunguka bolti na kuishika nati. Baadaye Whitworth alifanya kazi kwa Joseph Clement, fundi aliyekuwa akitengeneza sehemu za mashine ya kukokotoa hesabu iliyobuniwa na Charles Babbage, ambayo leo hutajwa miongoni mwa mababu wa kompyuta. Katika karakana hizo mbili kijana alijifunza kwamba kosa dogo lisiloonekana kwa macho laweza kuiharibu mashine nzima.

Mwaka 1833 alirejea Manchester, akakodi chumba chenye nguvu ya mvuke na kutundika kibao mlangoni kilichomtangaza kuwa mtengenezaji wa zana kutoka London. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Bamba tatu

Jambo la kwanza lililomshughulisha lilikuwa la msingi kabisa: je, fundi anawezaje kupata uso wa chuma ulionyooka kwelikweli? Bila uso wa namna hiyo hakuna mashine iliyo sahihi, kwa maana kila kipimo hutegemea kitu kilichonyooka.

Mafundi wa wakati ule walizoea kusugua bamba mbili za chuma pamoja, katikati wakiweka unga mkali wa kusagia. Tatizo ni kwamba bamba moja huweza kuwa na kitumbo na lingine likawa na bonde, yakalaliana vizuri na kumdanganya fundi kuwa yote mawili yamenyooka. Dawa yake ni bamba la tatu. Yakilinganishwa matatu kwa zamu, kila moja na mwenzake, udanganyifu hauwezi kujificha, kwa sababu mabamba mawili yenye vitumbo hayawezi kulaliana.

Ulinganishaji wa namna hiyo haukuwa mgeni kabisa katika karakana ya Maudslay. Mchango wa Whitworth ulikuwa kuuacha unga wa kusagia na badala yake kupaka rangi uso wa bamba, kuyakutanisha mawili, kisha kuparua kwa mkono zile sehemu zilizoinuka ambazo rangi ilizionyesha. Aliueleza utaratibu huo hadharani mwaka 1840 katika mkutano wa wanasayansi uliofanyika Glasgow. Mafundi wanaotengeneza mashine za usahihi wa hali ya juu wangali wakiparua kwa mkono hadi leo.

Mwaka 1842 alipata hataza ya gari la kufagia mitaa lililovutwa na farasi, na Manchester, mji uliokuwa na sifa mbaya ya uchafu, ukalitumia.

Kila karakana na bolti yake

Mwaka 1841 Whitworth alisoma mbele ya Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi mjini London andiko ambalo lingelifanya jina lake lienee duniani kote. Lilihusu hesi za skrubu.

Ili kuelewa uzito wa andiko hilo, yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa. Kila karakana ilikata hesi zake kwa namna ilivyopenda. Bolti mbili zenye unene uleule, kutoka karakana mbili za mtaa mmoja, zilitofautiana kwa idadi ya hesi, kwa kina na kwa pembe. Mhunzi wa Kirongo, kusini mwa Ziwa Victoria, aliyeyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi, angeweza kumpa kila jembe umbo lake bila kumdhuru mkulima, kwani jembe moja halihitaji kuingiana na jembe jingine. Bolti haina uhuru huo. Bolti isiyopata nati yake ni kipande cha chuma tu.

Mashine zilipokuwa chache, mafundi waliivumilia adha hiyo. Lakini zilipokuja reli, na injini moja ikawa na mamia ya bolti na kulazimika kutengenezwa mbali na karakana iliyoizaa, gharama ilianza kuuma. Bolti moja ikipotea, fundi alilazimika kutengeneza nyingine ya kufanana nayo, au kutoboa upya na kuiweka kubwa zaidi.

Whitworth hakukaa mezani akabuni hesi ya ndoto zake. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima moja baada ya nyingine, kisha akatafuta wastani. Kwa njia hiyo alipata pembe ya nyuzi 55 kwa hesi zote, na kwa kila unene wa bolti akaweka idadi maalumu ya hesi kwa inchi moja: bolti ya robo inchi ipate hesi 20, ya nusu inchi hesi 12, na ya inchi nzima hesi 8. Ncha za hesi na mabonde yake viliviringwa kidogo, jambo lililosaidia kuzuia nyufa kuanzia kwenye kona kali.

Kuchagua wastani ilikuwa busara ya kiufundi na vilevile ya kijamii. Hakuna mwenye karakana aliyeweza kulalamika kwamba amelazimishwa kufuata bolti ya mshindani wake, kwa sababu kila mmoja alikuwa na sehemu yake ndani ya wastani ule. Kampuni za reli zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuukubali mfumo huo, na kufikia miaka ya 1860 ulikuwa umeenea Uingereza nzima.

Ushahidi mkubwa wa faida yake ulipatikana wakati wa Vita ya Crimea, kati ya mwaka 1853 na 1856. Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji kwa haraka injini takriban 90 kwa ajili ya boti ndogo za kivita. Mhandisi John Penn, aliyepewa kazi hiyo, alizifungua injini za mfano na kugawa sehemu zake kwa karakana mbalimbali ili kila moja itengeneze nakala nyingi za sehemu iliyopewa. Sehemu zote ziliporudi na kuunganishwa ziliingiana, na injini zikakamilika katika muda wa miezi michache. Bila hesi za aina moja, mpango huo ungeishia kwenye rundo la vyuma visivyojuana.

Kupima kisichoonekana

Kanuni ya hesi ingebaki maandishi matupu kama mafundi wasingekuwa na uwezo wa kupima. Whitworth alitengeneza vipimio vya kukagulia sehemu, na pia mashine ya kupimia ambayo iliweza kutambua tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Aliionyesha katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, pamoja na mashine zake nyingi za kukereza, kutoboa na kuchonga vyuma. Waamuzi walimpa heshima kuliko mtengenezaji mwingine yeyote wa zana.

Mwaka 1853 serikali ilimtuma Marekani kuangalia viwanda vya huko. Taarifa aliyoitoa mwaka uliofuata ilieleza jinsi Wamarekani walivyokuwa wakitumia mashine maalumu kutengeneza vitu vingi vinavyofanana, na ikawazindua Waingereza waliodhani hawana mwalimu. Mwaka 1856 alichaguliwa rais wa Taasisi ya Wahandisi wa Mitambo, na mwaka 1857 akaingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi.

Bunduki na hasira

Umaarufu huo ulimvuta katika njia nyingine, ile ya silaha. Serikali ilimtaka achunguze namna ya kuboresha bunduki za askari, naye akafanya majaribio mengi ya unene wa mtutu na umbo la risasi. Matokeo yake yalikuwa bunduki yenye mtutu wa pembe sita kwa ndani, uliojipinda ili kuizungusha risasi. Katika majaribio ya mwaka 1857 iliishinda kwa mbali bunduki ya Enfield iliyokuwa ikitumiwa na jeshi. Mwaka 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya kulenga shabaha huko Wimbledon kwa kufyatua bunduki ya Whitworth.

Hata hivyo jeshi liliikataa. Mtutu wake mwembamba ulijaa masizi upesi na bei yake ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya Enfield. Zilizouzwa nje zilifika hadi kwa walenga shabaha wa majimbo ya kusini katika Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani. Inaaminika kuwa risasi iliyomuua Jenerali John Sedgwick wa upande wa kaskazini, Mei 1864, ilitoka katika bunduki ya aina hiyo.

Mizinga yake nayo ilimuingiza katika ushindani mkali na William Armstrong, mhandisi mwenzake aliyependelewa na serikali. Whitworth hakuwa mtu mwepesi wa kuelewana naye. Alikuwa mkali, mwenye msimamo usiopinda, na alizichukua hukumu za kamati za serikali kama dhuluma. Historia ina kejeli zake: mwaka 1897, miaka kumi baada ya kifo chake, kampuni yake iliunganishwa na ya hasimu wake ikawa Armstrong Whitworth.

Katika kutafuta chuma cha mizinga kisichopasuka, alifikia ugunduzi mwingine. Chuma cha pua kinapomiminwa katika kalibu huhifadhi mapovu ya hewa, nayo yakiganda ndani huwa udhaifu uliofichika. Whitworth alikigandamiza chuma kingali majimaji, kwa mtambo wenye nguvu kubwa ya maji, hadi mapovu yakatoweka. Vilevile alitumia mtambo wa kugandamiza kufua vipande vikubwa vya chuma badala ya kuvipiga kwa nyundo ya mvuke, kwa kuwa nyundo hushtua uso wa chuma ilhali mgandamizo hupenya hadi moyoni. Njia hiyo ya kufua kwa kugandamiza ingalipo katika viwanda vizito duniani.

Mali aliyoirudisha kwa mafundi

Mwaka 1868 Whitworth alitoa pauni 3,000 kila mwaka kwa ajili ya nafasi 30 za masomo, kila moja pauni 100. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa kwa wakati huo. La muhimu zaidi lilikuwa sharti lake: mwombaji alipaswa kujua nadharia na pia kuonyesha kwamba mikono yake inaweza kazi. Mwanafunzi asiyeweza kushika tupa hakustahili, na fundi asiyejua hesabu hakustahili. Udhamini huo unaendelea kutolewa hadi leo.

Mwaka 1869 alipewa cheo cha ubaroneti. Baada ya mke wake wa kwanza kufariki, alimuoa Mary Louisa Orrell mwaka 1871. Mwaka 1874 aliigeuza karakana yake kuwa kampuni ya hisa na kuwawezesha wafanyakazi nao kuzinunua. Afya yake ilipodhoofika alikuwa akienda kusini mwa Ulaya kukwepa baridi, na huko Monte Carlo ndiko alikofariki Januari 22, mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa Darley Dale, Derbyshire, mkoa uleule alikoitoroka pamba ya mjomba wake.

Hakuacha mtoto. Wasimamizi wa wosia wake waligawa mamia ya maelfu ya pauni kwa shule, hospitali na makumbusho. Jumba la sanaa linalobeba jina lake, lililoanzishwa mwaka 1889, lingalipo Manchester.

Hesi yake imefika wapi

Mfumo wa Whitworth haukubaki peke yake. Mwaka 1864 huko Philadelphia, Marekani, William Sellers alipendekeza hesi ya pembe ya nyuzi 60 yenye ncha bapa, akieleza kuwa ile ya Whitworth iliyoviringwa ilikuwa ngumu kuitengeneza. Mwaka 1898 mkutano uliofanyika Zurich, Uswisi, ulichagua nyuzi 60 kwa hesi za vipimo vya metriki. Dunia ikabaki na lugha kadhaa za bolti, na gharama yake ikaonekana katika Vita Kuu ya Pili, pale vipuri vya Wamarekani na vya Waingereza vilipokataa kuingiana ingawa majeshi yao yalipigana upande mmoja. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilitia saini makubaliano ya kutumia hesi moja, na pembe iliyoshinda ilikuwa ile ya nyuzi 60.

Kwetu Afrika Mashariki, mitambo mingi iliyoletwa kutoka Uingereza wakati wa ukoloni ilikuja na hesi za Whitworth. Mafundi wazee wanazikumbuka spana zake, ambazo namba yake haikutaja upana wa kichwa cha bolti kama spana za leo, bali unene wa bolti yenyewe. Baada ya Tanzania kuhamia vipimo vya metriki, mwishoni mwa miaka ya 1960, bolti hizo zilianza kuadimika.

Lakini Whitworth hajaondoka. Hesi za mabomba ya maji, ambazo mafundi wetu huziita za nusu inchi na robo tatu, zimejengwa juu ya pembe yake ileile ya nyuzi 55. Mwananchi wa Mwanza, Bariadi au Dar es Salaam anapofungua bomba nyumbani kwake asubuhi, maji humfikia yakipita katika hesi zilizozaliwa na zile bolti zilizokusanywa na kupimwa na Whitworth kabla ya mwaka 1841.

Maisha hayo yana funzo kwa nchi inayotaka viwanda. Tanzania iliunda Shirika la Viwango mwaka 1975, na baadhi ya watu huliona shirika la namna hiyo kama kikwazo kwa mfanyabiashara. Maisha ya Whitworth yanaonyesha kinyume chake: kiwango ndicho kinachomruhusu fundi mdogo kuuza nati yake kwa mtu asiyemjua. Pasipo kiwango, mteja hufungwa kwa karakana moja, na karakana ndogo hufa.

Lipo pia suala la uhai. Nati ya gurudumu iliyotengenezwa nje ya kipimo huweza kuingia kwa kulazimishwa. Kwa macho inaonekana imekaza, lakini imeshika hesi mbili au tatu tu, na kadiri gari linavyotikisika ndivyo inavyozidi kulegea. Abiria wa basi hawezi kuikagua kabla ya kupanda. Anachokitegemea ni kwamba mahali fulani fundi alipima, mkaguzi naye akapima, na aliyeiuza hakudanganya. Whitworth aliutumia ujana wake wote kuwafundisha mafundi kutoamini macho yao bila kipimo, na hilo ndilo linalostahili kufundishwa katika kila chuo chetu cha ufundi kabla mwanafunzi hajakabidhiwa spana.